Henry Barnard: Wakili aliyewakusanya walimu na kuzihifadhi kumbukumbu zao

Katika msimu wa mapukutiko mwaka wa 1839, vijana 26 wa kiume waliwasili mjini Hartford, jimbo la Connecticut, kaskazini mashariki mwa Marekani. Walikuwa wamekusudia kufundisha katika shule za vijijini msimu wa baridi utakapoingia. Walikaa mjini humo kwa muda wa majuma sita, wakafunzwa namna ya kufunza, kisha wakatawanyika kila mmoja kwenda kutafuta darasa lake.

Serikali ya jimbo ilikuwa imekataa kutoa fedha za kazi hiyo. Gharama zilibebwa na mtu mmoja, wakili mwenye umri wa miaka 28 ambaye hata mahakamani hakuwa amefanya kazi kwa muda wa kutajika. Jina lake lilikuwa Henry Barnard.

Mkutano huo wa Hartford ndio ambao wanahistoria wengi wa elimu wa Marekani huutaja wanapotafuta chanzo cha makongamano ya mafunzo ya walimu, yaliyoenea nchini humo katika karne ya 19. Kabla ya karne hiyo kumalizika, yalikuwa yamefanyika katika majimbo mengi, kuanzia pwani ya mashariki hadi mashamba mapya ya magharibi. Walimu wengi waliopitia humo hawakuwahi kukanyaga chuo cha ualimu.

Barnard alizaliwa Hartford tarehe 24 Januari, 1811. Mama yake alifariki akiwa angali mtoto mdogo. Babaye, Chauncey Barnard, alikuwa mtu mwenye mali ya kutosha, na mali hiyo ndiyo itakayoonekana ikipungua mwaka baada ya mwaka katika maisha ya mwanawe.

Shule ya kwanza aliyopelekwa ilikuwa shule ya mtaa, na aliichukia kupindukia. Yasimuliwa kwamba alipokuwa na umri wa miaka 12 hivi, alikula njama na mwenzake watoroke nyumbani wakawe mabaharia. Babaye aliyasikia maneno yao kupitia dirishani. Hakumpiga wala kumkemea. Kesho yake alimpa hiari: aende baharini kwa idhini, au aende shule nyingine iliyo bora. Kijana alichagua shule, akapelekwa Monson katika jimbo jirani la Massachusetts.

Baadaye alijiunga na Chuo cha Yale, akahitimu mwaka wa 1830 akiwa na umri wa miaka 19. Kwa muda wa mwaka mmoja hivi alifundisha shule huko Wellsboro, Pennsylvania. Hicho ndicho kipindi pekee alichokuwa mwalimu wa kawaida wa darasani, na kwa kuwa aliandika mengi mno kuhusu kazi ya ualimu, ni vyema msomaji akumbuke jambo hilo.

Alirejea kusomea sheria, akaruhusiwa kuwa wakili, kisha mwaka wa 1835 akasafiri kwenda Ulaya. Alizuru Uingereza na nchi za bara, akitembea sehemu nyingi kwa miguu. Huko Uswisi mafundisho ya mwalimu mashuhuri Pestalozzi, aliyefariki mwaka wa 1827, yalikuwa yangali hai vinywani mwa watu. Pestalozzi alifundisha kwamba mtoto aanze na kitu anachokiona na kukishika kabla ya kulazimishwa kukariri maneno ya kitabuni. Barnard alirudi nyumbani na fikra hizo, na miaka mingi baadaye alizichapishia kitabu kizima.

Mwaka wa 1837 alichaguliwa kuwa mbunge wa Hartford katika bunge la Connecticut. Mwaka uliofuata aliwasilisha mswada wa kuunda bodi ya kusimamia shule za umma za jimbo hilo. Mswada ulipita bila upinzani wa maana.

Kilichomsukuma kilikuwa hali ya shule zenyewe. Connecticut ilikuwa na hazina kubwa ya elimu, iliyotokana na mauzo ya ardhi yake ya magharibi mwaka wa 1795 kwa dola milioni 1.2. Faida ya fedha hizo iligawiwa shule. Hazina hiyo, iliyodhaniwa kuwa baraka, iligeuka kuwa kisingizio. Wananchi wa miji mingi waliacha kujitoza kodi ya shule, wakisubiri mgao wa jimbo tu. Majengo yalichakaa. Wenye uwezo waliwapeleka watoto wao katika shule za kulipia, na shule za umma zikabaki za wanyonge.

Na mwalimu je? Katika msimu wa baridi shule ilifunzwa na kijana wa kiume, mara nyingi mwanafunzi wa chuo aliyetafuta karo au mkulima asiyekuwa na kazi shambani. Wakati wa kiangazi alifundisha msichana, kwa malipo madogo zaidi. Mwalimu alilala nyumba hii juma hili na nyumba ile juma lijalo, akilishwa na wazazi kwa zamu. Waliompima kabla ya kuajiriwa walikuwa wakaguzi wa mtaani, ambao wengine wao hawakujua zaidi ya yeye. Msimu ulipokwisha aliondoka, na aliyemfuata alianza upya bila kuachiwa hata daftari.

Wadhifa wa katibu wa bodi mpya ulitolewa kwanza kwa Thomas Gallaudet, mwanzilishi wa shule ya viziwi ya Hartford. Alipokataa, Barnard aliushika. Alitembelea shule, akatuma fomu za maswali kwa wakaguzi, akahutubia mikutano katika wilaya zote nane za jimbo. Mwezi Agosti mwaka wa 1838 alianzisha jarida la shule za umma la Connecticut. Mshahara wake ulirudi katika kazi iyo hiyo, ukiwemo uchapishaji wa jarida.

Ni katika pilkapilka hizo ndipo alipotambua kwamba ripoti hazitamfikisha popote iwapo anayesimama mbele ya watoto hajui afanye nini. Chuo cha kudumu cha ualimu kilikuwa jambo la mbali. Bunge lilipoombwa fedha za kuwaandaa walimu lilikataa. Hivyo aliamua kuonyesha kwa vitendo kwamba jambo hilo lawezekana, hata kama ni kwa majuma machache.

Walimu wa hao vijana 26 hawakuwa watu wa kubahatisha. Charles Davies, ambaye vitabu vyake vya hisabati vilitumika kote nchini, aliwafunza hisabati ya juu. Gallaudet aliwafunza uandishi wa insha na namna ya kuongoza darasa. John Brace, aliyekuwa mkuu wa shule ya wasichana ya Hartford, aliwapa masomo ya jiografia na matumizi ya tufe la dunia. Zaidi ya masomo hayo, walipelekwa katika shule za mjini wakakaa nyuma ya darasa, wakatazama walimu wazoefu wakifanya kazi.

Hilo la mwisho ndilo lililokuwa jipya zaidi. Mihadhara juu ya elimu ilikuwako tayari. Huko Boston chama cha walimu na marafiki wa elimu kilikuwa kimeanza kukutana kila mwaka tangu 1830. Lakini mihadhara hiyo ilikuwa ya wasomi wakizungumza na wasomi. Barnard aliwachukua watu ambao kazi yao ilikuwa ianze baada ya siku chache tu, akawaonyesha kazi yenyewe.

Furaha haikudumu. Mwaka wa 1842 chama cha Democrats kilishika serikali ya Connecticut, na Gavana Chauncey Cleveland akaamini kuwa bodi ya shule ilikuwa gharama isiyozaa matunda. Bunge lilivunja bodi, likafuta cheo cha katibu, na sheria za mageuzi zikatupiliwa mbali. Jarida nalo likafa. Miaka minne ya kazi ilifutwa kwa kura za kikao kimoja.

Barnard alianza kuzunguka nchi nzima akikusanya habari ili aandike historia ya elimu ya Marekani. Kitabu hicho hakikukamilika kama alivyokusudia. Mwaka wa 1843 viongozi wa jimbo dogo la Rhode Island walimwita awasaidie. Alipojitetea kwamba ana historia ya kuandika, Gavana James Fenner alimjibu kuwa ni heri aje aitengeneze historia yenyewe. Alikubali.

Rhode Island haikuwa mahali rahisi. Wakulima wengi waliamini kwamba kumlea mtoto ni shauri la babaye. Mmoja wao alidai kwamba kumtoza mtu kodi ili kumsomesha mtoto wa jirani ni sawa na kumchukua ng'ombe wake akalime shamba la jirani huyo. Barnard hakubishana nao katika bunge tu. Alikwenda vijijini, na katika miaka yake huko iliitishwa mikutano zaidi ya elfu moja, mingine kanisani, mingine shuleni. Alisambaza vijitabu kwa maelfu. Kalenda za mwaka, ambazo kila mkulima alizinunua ili kujua majira ya kupanda, zilifungwa pamoja na kurasa za habari za elimu.

Kwa walimu, alibuni mafunzo yanayotembea. Badala ya kuwangoja waje mjini, mwalimu hodari alitumwa kwao, akazuru shule baada ya shule akionyesha namna somo la kusoma au la hesabu linavyoendeshwa. Mwezi Januari 1845 walimu na marafiki wa shule waliunda chama chao cha jimbo mjini Providence, na Barnard alikuwa mmoja wa nguzo zake.

Wakati huo huo, jambo alilolifanya Hartford lilikuwa limeanza kuota kwingineko, na hapa ndipo penye utata ambao haujaisha hadi leo.

Tarehe 4 Aprili, 1843, msimamizi wa shule wa wilaya ya Tompkins katika jimbo la New York, J. S. Denman, aliwakusanya walimu 28 katika mji wa Ithaca kwa muda wa majuma mawili. Ni yeye aliyeupa mkutano wa aina hiyo jina ambalo Wamarekani walilitumia tangu hapo, ili kuutofautisha na mikutano ya kawaida ya hotuba na maazimio. Kutoka Ithaca mtindo huo ulienea New York kwa kasi. Septemba 1845 ulifika Sandusky, Ohio. Mwaka uo huo ulifika Massachusetts, chini ya Horace Mann, rafiki wa Barnard na katibu wa bodi ya elimu ya jimbo hilo.

Kisa cha Mann chafaa kutajwa kwa sababu chaonyesha hali ya mambo. Alipofika Pittsfield kufungua mkutano wa walimu, alikuta hakuna aliyeandaa chumba; sakafu ilikuwa chafu na vumbi limetanda. Mann na Gavana wa Massachusetts, George Briggs, aliyekuwa mwenyeji wa sehemu hizo, waliazima mifagio wakafagia wenyewe kabla walimu hawajaingia. Mwaka uliofuata bunge la Massachusetts lilipitisha sheria ya kugharimia mikutano hiyo kwa fedha za umma.

Je, aliyeanza ni Barnard mwaka wa 1839 au ni Denman mwaka wa 1843? Wanaomtetea Denman wanasema kwamba darasa la Hartford lilikuwa shule fupi ya watu wachache, nalo halikuzaa jingine mara moja kwingineko. Lile la Ithaca lilikuwa na jina, lilikuwa na mpango, na liliigwa. Wanaomtetea Barnard wanajibu kwamba jina si kitu, kwani yaliyofanyika Ithaca yalikuwa yameshafanyika Hartford. Ukweli ni kwamba kila upande una hoja. Hata hivyo, Barnard alikuwa na silaha ambayo Denman hakuwa nayo: jarida. Maelezo ya mkutano wa 1839 yanayosomwa na wengi yalipita mikononi mwake mwenyewe kabla ya kuchapishwa.

Mwaka wa 1849 alijiuzulu Rhode Island kwa sababu ya afya. Miaka miwili kabla alikuwa amemwoa Josephine Desnoyers wa Detroit. Connecticut, iliyomfukuza, sasa ilimwita tena. Bunge lilikuwa limekubali kuanzisha chuo cha ualimu, na mji wa New Britain ukajitolea kukipa makao. Chuo kilifunguliwa Mei 1850, Barnard akiwa mkuu wake na wakati huo huo msimamizi wa shule zote za umma za jimbo. Shughuli za kila siku za chuo aliwaachia wasaidizi. Yeye alikuwa barabarani, akiendesha mikutano ya walimu wilaya baada ya wilaya.

Kufikia wakati huo mikutano ilikuwa na sura inayojulikana. Iliitishwa majira ya kuchipua au ya mapukutiko, kabla ya muhula kuanza. Wenyeji wa mji waliwapa walimu malazi, mara nyingi bila malipo. Asubuhi na alasiri kulikuwa na masomo ya kusoma, tahajia, sarufi, hesabu, kuchora ramani na kuimba. Jioni watu wote wa mji walialikwa kanisani kusikiliza mhadhara, na huko ndiko mzazi mkaidi aliposikia kwa mara ya kwanza kwamba shule ya mtoto wake haina hata ubao.

Kila mkutano ulikuwa na katibu wake. Aliandika majina ya waliohudhuria na miji watokako, masomo yaliyofunzwa, maswali yaliyojadiliwa na maazimio yaliyopitishwa. Baadhi ya kumbukumbu hizo zilichapishwa katika vijitabu, nyingine katika magazeti ya mitaani, na nyingi ziliishia kuwa karatasi za kufungia bidhaa dukani.

Mwaka wa 1854 Barnard alikwenda London kuhudhuria maonyesho ya kimataifa ya elimu. Aliporudi aliacha kazi ya Connecticut, na mwezi Agosti 1855 akatoa toleo la kwanza la American Journal of Education. Jarida hilo lilidumu zaidi ya robo karne. Lilifikia majuzuu zaidi ya 30, kila moja likiwa na mamia ya kurasa.

Ndani yake mlijaa kila kitu: wasifu wa walimu pamoja na picha zao zilizochongwa, mipango ya majengo ya shule, sheria za elimu za Prussia na Uswisi, tafsiri za vitabu vya Kijerumani, na historia za vyama na mikutano ya walimu, jimbo baada ya jimbo. Habari ambazo zingepotea makabatini mwa makatibu wa vijijini zilipata makao humo. Mtafiti wa leo anayetaka kujua walimu wa miaka ya 1840 walikutana wapi na kujadili nini hana budi kupitia kurasa hizo.

Lakini ni kurasa ngumu kusoma. Barnard alichapa kila alichokipata, bila mpangilio wa kumsaidia msomaji. Makala moja iliweza kuanza katika juzuu moja na kumalizikia katika jingine. Mwalimu wa kijijini, ambaye kwa ajili yake kazi yote ilianzishwa, hakuwa na fedha za kulinunua wala muda wa kulisoma. Wanunuzi hawakutosha. Kila mwaka hasara ilizibwa kwa mali ya familia, na makumi ya maelfu ya dola yalizama humo.

Mwaka wa 1859 alihamia magharibi, jimbo la Wisconsin, kuwa mkuu wa chuo kikuu cha jimbo hilo na pia wakala wa bodi ya vyuo vya ualimu. Walimu wa Wisconsin walimpokea kwa shangwe. Msimu huo wa mapukutiko aliandaa mfululizo wa mikutano ya mafunzo sehemu mbalimbali, mamia ya walimu wakahudhuria, nao wakagawiwa vitabu vya makala aliyoyahariri. Wakuu wa chuo kikuu hawakushangilia vile vile. Mkuu wao hakuonekana sana chuoni, na baadaye ugonjwa ukamzuia kabisa. Alijiuzulu baada ya muda usiozidi miaka miwili.

Mtindo huo ulijirudia maishani mwake. Alikuwa hodari wa kuanzisha, dhaifu wa kuendesha. Afya yake ilimwangusha mara nyingi, lakini pia akili yake ilikuwa daima kwenye jarida, hata alipokuwa akilipwa kufanya kazi nyingine. Mwaka wa 1866 alishika uongozi wa Chuo cha St. John's, Annapolis, akakaa kwa muda mfupi tu.

Aliondoka huko kwa sababu ya wito mkubwa zaidi. Machi 1867 Rais Andrew Johnson alitia saini sheria ya kuunda idara ya elimu ya serikali ya taifa, na Barnard akateuliwa kuwa kamishna wake wa kwanza. Mshahara ulikuwa dola 4,000 kwa mwaka, na makarani wake walikuwa watatu. Kazi ya idara ilikuwa kukusanya takwimu na habari za shule nchini kote na kuzieneza. Yaani, alilokuwa akilifanya kwa fedha zake tangu ujana, sasa taifa lilikubali kulilipia.

Matokeo yalikuwa ya kusikitisha. Bunge lilitarajia takwimu zilizo wazi. Barnard alitoa nyaraka nene za historia, nyingine zikiwa zimetoka katika jarida lake. Alionekana zaidi Hartford kuliko Washington. Wabunge waliopinga kuwako kwa idara hiyo walipata sababu. Waliishusha hadhi ikawa ofisi ndani ya wizara ya mambo ya ndani, wakapunguza makarani, wakapunguza mshahara hadi dola 3,000. Machi 1870 John Eaton alichukua nafasi yake, naye ndiye aliyeipa ofisi hiyo mwendo.

Hata hivyo, miaka hiyo mitatu iliacha waraka mmoja wenye thamani ya pekee. Ripoti ya Barnard kuhusu shule za wilaya ya mji mkuu ilibeba ndani yake historia ndefu ya shule za watu weusi mjini Washington, zikiwemo zile walizojiendeshea wenyewe kabla ya utumwa kukomeshwa. Majina ya walimu weusi ambayo hayakuandikwa kwingineko yamo humo. Lazima isemwe kwamba katika miaka ya kabla ya vita Barnard mwenyewe hakuwa na sauti juu ya suala hilo. Mwaka wa 1833 jimbo lake la Connecticut lilitunga sheria dhidi ya shule ya Prudence Crandall iliyowapokea wasichana weusi. Shule za umma alizozipigania baadaye hazikumfungulia mlango kila mtoto, naye hakulifanya hilo kuwa vita vyake.

Kutoka 1870 aliishi Hartford katika nyumba aliyozaliwa, akihariri. Jarida lilikoma mapema katika miaka ya 1880. Yalibaki mabamba ya kuchapia, yenye maelfu ya kurasa, ambayo thamani yake sokoni ilikuwa ile ya madini tu. Ilifika wakati yakakaribia kuyeyushwa ili kulipia madeni. Marafiki waliingilia kati, wakaunda kampuni ya uchapishaji mwaka wa 1891 ili kuyaokoa. Mwaka uo huo mkewe alifariki.

Mikutano yenyewe ilikuwa ikibadilika. Vyuo vya ualimu vilikuwa vimeongezeka, na walimu waliohitimu humo hawakuona haja ya kufunzwa tahajia kwa majuma mawili. Penginepo mahudhurio yalikuwa ni sharti la sheria na mwalimu alitozwa ada, hata baadhi wakanung'unika kwamba wanalipia usingizi. Barnard tangu zamani alikuwa ameshikilia kwamba mikutano haiwezi kuchukua mahali pa chuo. Ilikuwa dawa ya dharura kwa nchi iliyokuwa ikifungua shule upesi kuliko ilivyoweza kupata walimu. Mwanzoni mwa karne ya 20, kozi za kiangazi za vyuo vikuu ziliirithi kazi hiyo kwa sehemu kubwa.

Januari 1897, alipotimiza umri wa miaka 86, walimu na viongozi wa elimu walimfanyia sherehe Hartford, katika jengo la bunge la jimbo ambalo kura zake ziliifuta bodi yake miaka 55 iliyotangulia. Mzee mwenye ndevu nyeupe alikaa akisikiliza hotuba. Mali ilikuwa imekwisha, na maisha yake ya wakati huo yalikuwa ya kubana matumizi.

Henry Barnard alifariki tarehe 5 Julai, 1900, katika nyumba ile ile ya barabara ya Main. Alizikwa katika makaburi ya Cedar Hill, Hartford. Chuo alichokiongoza New Britain kilikua kikawa Chuo Kikuu cha Jimbo cha Central Connecticut, na mojawapo ya majengo yake linaitwa kwa jina lake. Maelfu ya vitabu vya shule alivyovikusanya maishani, vile vitabu vidogo vya kusomea na kuhesabia ambavyo wengi huvitupa vikishachakaa, vilinunuliwa baada ya kifo chake, navyo vimehifadhiwa katika maktaba ya Watkinson, Chuo cha Trinity, mjini humo humo Hartford.